Kilo zisizoandikwa: niliyojifunza katika kukadiria hewa chafu ya kiwanda cha kemikali

Ukimimina kiyeyusho kwenye riakta tupu, yaani chombo cha kupikia kemikali, yenye ujazo wa mita za ujazo 5, hewa iliyokuwamo haina pa kukaa. Inasukumwa nje kupitia bomba la kupumulia, na haitoki mikono mitupu: inabeba mvuke wa kile unachomimina. Kama ni toluini, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, kujaza huko kunapeleka angani nusu kilo hivi. Kama ni dikloromethani, ambayo kazini kila mtu anaiita DCM, riakta ileile, joto lilelile, kunatoka kilo 8 na ushei. Tofauti yote iko kwenye presha ya mvuke, yaani nguvu ya kimiminika kugeuka mvuke. Ya toluini kwenye joto hilo ni karibu kilopaskali 3, ya DCM ni 47.

Hapo hakuna aliyemwaga kitu wala bomba lililopasuka. Ni kazi ya kawaida inayofanyika kila bachi, yaani kila mkupuo wa uzalishaji, mara nyingi kwa siku, mwaka mzima. Ndiyo maana naipenda hesabu hii na ndiyo ninayoanza nayo ninapomfundisha kijana mpya kwenye kitengo chetu cha mazingira. Inahitaji kanuni ya gesi ambayo kila mmoja wetu aliifanya sekondari, na inakuonyesha mara moja kwamba kiwanda kinaweza kuchafua hewa bila mtu yeyote kufanya kosa.

Kazi yangu imekuwa kuzikusanya kilo za namna hiyo na kuziandika kwenye ripoti ya mwaka inayokwenda kwa mamlaka. Nimeifanya kwenye viwanda vinavyotengeneza kemikali kwa bachi, na kwa muda kwenye mtambo wa asidi ya salfuriki. Jambo moja limejirudia kote. Namba za ripoti huharibika zaidi kwa vile vitu ambavyo havikuingizwa kwenye hesabu kuliko kwa hesabu yenyewe. Kuzidisha na kugawanya kompyuta inafanya vizuri. Lakini kompyuta haijui kwamba kuna pipa linajazwa nyuma ya stoo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na kwenye ripoti za hewa chafu msemo huo ni wa kweli kabisa: chanzo ambacho hakikuorodheshwa kinahesabiwa kuwa sifuri.

Nitoe mfano ambao ulinibadilishia namna ya kufanya kazi. Kiwanda kimoja kilikuwa na riakta iliyotumia DCM, na karatasi ya bachi ilieleza kila hatua: kiasi cha kiyeyusho, joto, muda, na naitrojeni ya kufukuzia hewa ikipita kwa kiwango kidogo sana. Hesabu ya miaka yote ilifuata karatasi ile. Mimi niliomba kukaa na zamu ya usiku niangalie bachi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Opereta alikuwa mama mtu mzima aliyeijua mitambo ile kuliko wahandisi waliokuja na kuondoka. Wakati wa kutia unga kupitia tundu la juu la riakta, aliifungua naitrojeni mpaka kielea cha kipimio kikapanda juu kabisa. Nikamuuliza kwa nini, ilhali karatasi inasema vingine.

"Mwanangu, ule mvuke ukinirudia usoni hapa juu, karatasi itanisaidia nini?" akanijibu. Kisha akaongeza kwamba hairudishi chini mpaka bachi ianze kupozwa, kwa sababu katikati kuna hatua nyingine ya kutia unga, na kupanda ngazi kila mara kufungua na kufunga ni kazi ya bure.

Alikuwa na haki kabisa. Usalama wake ulikuwa mikononi mwake, na naitrojeni ndiyo iliyokuwa kinga yake. Ila tazama inafanya nini kwenye hesabu. Naitrojeni haigeuki kimiminika kwenye kondensa, kile kifaa kinachopoza mvuke unaotoka ili urudi kuwa kimiminika. Kila mita ya ujazo inayoingia lazima itoke, na inatoka imeshiba mvuke. Kondensa yetu ilipozwa kwa maji ya kawaida. Gesi ikitoka kwenye nyuzi 20, kila mita 5 za ujazo za naitrojeni zinabeba kilo 15 za DCM. Zikipita mita 5 kwa saa, hizo ni kilo 15 kila saa. Kujaza riakta kunatoa kilo 8 mara moja basi, lakini naitrojeni ilikuwa ikipita saa baada ya saa. Karatasi ya bachi haikuwa na uongo ndani yake. Iliandikwa na mtu ambaye hakupata kusimama pale juu wakati unga unatiwa.

Faida ya kujua ilionekana upesi. Tulipokaa kitako na watu wa mitambo, suluhisho halikuwa kumlazimisha yule mama afunge naitrojeni. Lilikuwa kubadili jinsi unga unavyoingia ili riakta isifunguliwe, na kuongeza kondensa ya pili yenye maji ya chumvi ya baridi kali. Gesi ikipozwa hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa naitrojeni ileile kilo 15 zinashuka hadi 2 na kitu. Ila hapo napo pana mtego: joto linaloingia kwenye hesabu ni la gesi inayotoka, na mara nyingi kipimajoto kimefungwa kwenye bomba la maji ya chumvi. Maji yanaweza kuwa ya baridi vizuri na gesi ikatoka na joto lake kwa sababu kondensa imejaa uchafu. Siku hizi nikiingia kiwandani, swali langu la kwanza kuhusu kondensa yoyote ni kipimajoto kiko wapi.

Kuna watu hupenda njia ya urari: andika kilichonunuliwa, toa kilichomo kwenye bidhaa, toa kilichokwenda na taka, toa kilichobaki stoo, na kinachosalia ndicho kilichopotelea hewani. Ni njia ya haki, na ina sifa moja kubwa, kwamba haihitaji kuijua kila vali, hivyo hata chanzo usichokijua kimo ndani yake. Naitumia kila mwaka. Lakini iangalie kwa makini pale kiyeyusho kinaporudishwa na kutumika tena. Tuseme kiwanda kimetumia tani 400 na kimezijua zilikokwenda tani 392. Jibu ni tani 8. Sasa mizani na vipimio vya matangi vikikosea kwa asilimia 1 tu, kosa ni tani 4, kwa hiyo ukweli unaweza kuwa tani 4 au tani 12. Ukiandika "tani 8.037" kwenye ripoti, zile tarakimu za mwisho hazina maana yoyote. Kwa hiyo urari nautumia kama shahidi wa pili. Nikijumlisha vyanzo kimoja kimoja nikapata tani 3, na urari unasema 8, najua kuna mahali sijafika.

Mahali penyewe mara nyingi ni kwenye viungo vya mabomba. Kiwanda cha kemikali kina vali mamia na flenji, yaani viungo vya mabomba vinavyokazwa kwa nati, maelfu, na kila moja inaweza kupitisha kidogo. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa mwongozo mwaka 1995 wenye viwango vya wastani kwa viwanda vya kemikali za kikaboni, na viwango hivyo bado vinatumika sehemu nyingi duniani. Flenji au kiungo kimoja kinapewa gramu 1.83 kwa saa. Utasema hiyo si kitu. Zidisha kwa viungo 1,000 na saa 8,000 za kazi kwa mwaka, utapata tani 14 na nusu.

Namba hiyo inaogofya, na kwa kiwanda kinachotunzwa vizuri huenda ni kubwa kupita kiasi. Njia bora ni kuzunguka na kipima mvuke cha mkononi na kukisogeza taratibu kuzunguka kila kiungo. Mwongozo uleule unagawa viungo makundi mawili: vinavyosoma sehemu 10,000 kwa milioni au zaidi, na vilivyo chini ya hapo. Kiungo cha kundi la kwanza kinapewa gramu 113 kwa saa. Cha kundi la pili kinapewa gramu 0.081. Fanya mgawanyo uone: kiungo kimoja kinachovuja ni sawa na karibu 1,400 visivyovuja.

Nimelishuhudia hilo kwa macho. Unatembea asubuhi nzima na skrini inasoma tarakimu ndogondogo, mpaka mkono unachoka na akili inaanza kukuambia kwamba kiwanda chote ni kizima. Kisha unafika kwenye vali iliyo juu, mahali ambapo ilibidi uombe ngazi, unasogeza ncha ya kipima kwenye shina lake na namba inapaa mpaka mwisho wa kipimo. Unarudi nyuma, unasubiri kitulie, unajaribu tena. Inapaa tena. Unafunga lebo, unaandika namba ya vali na saa, unamwita fundi. Wakati mwingine anakaza nati mbili na namba inashuka palepale mkiwa mnaitazama. Sijaona kazi nyingine ya mazingira inayolipa haraka hivyo. Na ndiyo maana nawasihi wenzangu wasiruke vali zilizo mahali pagumu kufikika. Zile zisizofikika kwa urahisi ndizo ambazo hata fundi hazitazami.

Kupima kwenye dohani kunaheshimika kuliko njia zote, na kwa haki, maana pale unakamata gesi yenyewe. Ila nimejifunza kuuliza kipimo kilichukuliwa siku gani. Wapimaji huja kwa miadi. Siku hiyo mtambo umetulia, kichujio kimesafishwa, mzigo ni wa wastani. Saa chache za namna hiyo zinazidishwa kuwa mwaka mzima, wakati mwaka halisi una kuwasha, kuzima, kukatika kwa umeme, na ile wiki ambayo pampu ya maji ya kuoshea gesi ilikuwa inasuasua. Saa hizo zina hesabu yake na zitafutwe kwenye daftari la zamu.

Kuna na vipimo vyenyewe. Oksidi za naitrojeni hutoka dohani zikiwa zaidi ni monoksidi ya naitrojeni, lakini kwa kawaida huripotiwa kana kwamba zote ni dioksidi. Uzito wa molekuli ni 30 kwa ya kwanza na 46 kwa ya pili, kwa hiyo anayesahau kugeuza anapunguza namba kwa theluthi moja. Gesi kavu na yenye unyevu, mita ya ujazo kwenye nyuzi sifuri na mita ya ujazo kwenye joto la dohani, yote hayo yanabadilisha jibu. Sitakaa sana hapo; maabara nzuri huandika masharti hayo kwenye ripoti yake, na kazi yako ni kuyasoma kabla ya kunakili namba.

Mahali pasipo na kipimo watu hukimbilia vigezo vya utoaji, yaani namba za kuzidishia: kilo kadhaa za uchafu kwa kila tani ya bidhaa. Mkusanyiko maarufu zaidi ni ule wa EPA uitwao AP-42, ambamo kila kigezo kimepewa alama kuanzia A, kwa chenye ushahidi mzuri, hadi E, kwa dhaifu. Wengi wanaonakili kigezo hawanakili alama yake. Na waandishi wenyewe wanaeleza mwanzoni kabisa kwamba kigezo ni wastani, kwa hiyo karibu nusu ya mitambo inatoa zaidi ya hapo. Mtu akikuambia kiwanda chake kiko sawa kwa sababu kigezo kinasema hivyo, hajakuambia lolote kuhusu kiwanda chake.

Hata hivyo vipo vigezo unavyoweza kuvihakiki mwenyewe, na hapo raha yake ni kubwa. Kwenye mtambo wa asidi ya salfuriki, kutengeneza tani 1 ya asidi safi kunahitaji kilo 653 za dioksidi ya salfa zigeuzwe. Kama mtambo unageuza asilimia 98, zile 2 zilizobaki zinapanda dohani, na hesabu ya kemia inakupa kilo 13 kwa kila tani. Fungua AP-42: kilo 13. Mtambo unaofyonza mara mbili na kugeuza asilimia 99.7 unashuka hadi kilo 2. Nilipolinganisha mara ya kwanza nilikaa nikaitazama ile karatasi kwa muda, kwa sababu ghafla kigezo kilikuwa na sababu. Tangu hapo, kigezo ambacho siwezi kukijengea sababu nakitumia nikiwa na wasiwasi nacho, na naandika hivyo.

Mwali wa kuchomea gesi unastahili neno. Karibu kila mtu huandika kwamba mwali unaunguza asilimia 98. Kwa mwali unaowaka vizuri ni sawa. Mwali uliozidishiwa mvuke wa maji ili usitoe moshi mweusi unaweza kuunguza vibaya huku ukionekana msafi kwa macho. Ukishuka kutoka asilimia 98 hadi 93, waweza kudhani umepoteza kidogo, kumbe kinachotoka bila kuungua kimepanda kutoka sehemu 2 hadi 7 katika 100, mara tatu na nusu.

Nayasema haya kwa uzito kwa sababu hewa yenyewe hukagua ripoti zetu. Mwaka 2000 watafiti waliruka kwa ndege juu ya eneo la Houston, Marekani, lenye viwanda vingi vya petrokemikali, wakapima ethilini na propilini angani. Walichokikuta kilizidi kilichokuwa kwenye orodha rasmi kwa mara kumi hadi mia. Kampuni zilikuwa zimewasilisha ripoti zao, namba zikiwa zimejumlishwa sawasawa. Kilichokosekana ni uvujaji, miali na matukio ya ghafla. Mfano wa pili ni CFC-11, gesi inayokula tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal uzalishaji wake ulioripotiwa ulikuwa umefika karibu na sifuri kufikia 2010. Mwaka 2018 wanasayansi wakaonyesha, kwa kupima hewa tu, kwamba utoaji ulikuwa umepanda kwa tani 13,000 hivi kwa mwaka baada ya 2012, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya ongezeko hilo ikaelekezwa mashariki mwa China. Hewa iliyajua ambayo karatasi hazikuyataja.

Na tusisahau ripoti hizi zilitoka wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, tani 40 hivi za methili isosayaneti zilitoka kwenye tangi la kiwanda cha viuadudu huko Bhopal, India, na maelfu ya watu wakafa, wengi wao wakiwa wamelala majumbani mwao jirani na uzio. Miaka miwili baadaye Marekani ilitunga sheria iliyowapa wananchi haki ya kujua ni kemikali gani ziko jirani yao na kiasi gani kinatoka, na rejista ya kemikali zenye sumu ikaanzia hapo. Ulaya na nchi nyingine zilifuata. Itifaki ya rejista za uchafuzi ilipitishwa Kyiv mwaka 2003 na kuanza kufanya kazi 2009. Msomaji wa kwanza wa namba zangu, kwa hiyo, ni mtu anayelala upande wa pili wa uzio. Nikiwa nimechoka na jedwali, wazo hilo hunirudisha kazini.

Katika fomu za rejista hizo kuna kisanduku kidogo ambacho nadhani kina thamani kuliko namba yenyewe: jinsi namba ilivyopatikana. Ulaya ni herufi tatu, M kwa iliyopimwa, C kwa iliyokokotolewa, E kwa iliyokadiriwa. Mimi huandika zaidi ya fomu inavyotaka. Kwa kila chanzo naweka kumbukumbu ya ndani inayosema nani alitoa takwimu, ya zamu gani, kigezo kimetoka wapi na kina alama gani, na ni kitu gani kikibadilika namba haifai tena. Kwa kila kipimo kilichoshindwa kuona kitu, naandika kikomo cha kifaa badala ya sifuri.

Sehemu ngumu zaidi kwangu haijawahi kuwa kemia. Ni kikao cha wakubwa pale namba inapopanda. Tulipoingiza naitrojeni ya yule mama kwenye hesabu, DCM ya mwaka ilipanda sana, na swali la kwanza mezani lilikuwa kwa nini tunajichongea. Jibu nililoona linafaa ni kuihesabu upya miaka iliyotangulia kwa njia mpya ileile, kisha kuipeleka yote kwa mamlaka pamoja na barua ya maelezo. Hapo mtu anaona kwamba kiwanda hakikuanza kuchafua mwaka huu, ila kimeanza kuona. Nalisimamia hilohilo pale mambo yanapokwenda kinyume. Kiwanda kikiacha kile kigezo cha wastani cha flenji na kuanza kupima, namba huporomoka bila hata nati moja kukazwa, na kuna anayetaka kuiandika kama mafanikio. Si mafanikio mpaka ile vali ya juu ikazwe.

Kwa sasa tuna ukurasa mpya mwishoni mwa kumbukumbu zetu, wa vyanzo ambavyo tunajua vipo na bado hatujavihesabu. Kuna mapipa ya taka yanayoachwa wazi yakisubiri kubebwa, kuna kabati za kuchukulia sampuli, na kuna mifereji ya majitaka. Mifereji ndiyo inayonitia shaka zaidi. Maji ya kuoshea riakta huingia humo yakiwa ya moto, na kiyeyusho kilichomo hakisubiri kufika kwenye mtambo wa kusafishia. Tutaanza kwa kuchukua sampuli pande zote mbili, mwanzo wa mfereji na mwisho wake, kwenye zamu ya usiku, maana ndiyo inayoosha zaidi.